Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu: tuanzie wapi, na siku ya kufungua tuipangeje?

Katibu_wa_Diko

Assalaam alaykum wana jukwaa. BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya kijiji chetu, pwani ya Kilwa, inataka kufunga mwamba mmoja kwa ajili ya pweza. Miamba tunayovua ni mitano. Mmoja uko karibu na kijiji, kina mama huufikia kwa miguu maji yakipwa. Miwili ni ya kwenda kwa mtumbwi, na sehemu zake za juu hukauka wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana). Miwili iliyobaki iko mbali, ni ya wazamiaji, na huko ndiko wageni wa dago (kambi ya muda ya wavuvi) hushinda.

Maswali ni haya. Tufunge upi na kwa muda gani? Tukimkamata mtu ndani ya mwamba uliofungwa, tuna nguvu gani kisheria? Na kubwa kuliko yote ni siku ya kufungua, maana kuna vijiji vilifunga vizuri, vikafungua, na ndani ya siku mbili kila kitu kikaisha na bei ikaanguka. Hatuna mfadhili. Tuna boti moja ya mashine ya hp 15 na mizani ya kuning'iniza. Tunaomba majibu yenye vipimo.

---

MwambaHai

Wa alaykumu salaam ndugu Katibu. Tuanze na pweza mwenyewe, kwa sababu muda wa kufunga unatoka kwenye maisha yake.

Pweza wa miamba yetu anaishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Anakua kwa kasi ambayo samaki wa mwambani hawaikaribii: pweza mdogo, chakula kikiwepo, anaweza kuongeza uzito mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo aliyeachwa na gramu 500 mwanzoni mwa kufunga anaweza kukaribia kilo 2 kabla miezi mitatu haijaisha. Faida ya kufunga inatoka hapo hasa. Hamsubiri wazaliane, mnasubiri wanenepe.

Kwa sababu hiyo hiyo, kufunga muda mrefu zaidi si lazima kulete zaidi. Jike akishataga huacha kula, hukaa pangoni akipuliza maji juu ya mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Mkifunga miezi saba, wale wakubwa mliowategemea watakuwa wameshataga na kufa, na nafasi yao imechukuliwa na wadogo. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walipoanza mwaka 2004 mfungo wa kwanza ulikaa miezi saba. Baadaye vijiji vya ukanda ule vilizoea miezi miwili hadi mitatu, na ndiyo iliyoenea sehemu nyingi za Bahari ya Hindi. Kisiwa cha Rodrigues kilipoanza kufunga mwaka 2012 kilichagua miezi miwili.

Msihesabu siku 90 za kalenda ya ukutani. Hesabuni miezi mitatu ya kuandama kutoka bamvua ya mwisho kabla ya kufunga, ambayo ni siku 88 au 89, ili mfungue kwenye bamvua kama ile. Mkihesabu siku 90 mara mbili tatu mfululizo, mtajikuta mnasogea taratibu kutoka kwenye bamvua kwenda maji mafu (siku ambazo maji hayapwi sana). Kufungua wakati wa maji mafu ni kuwafungulia wazamiaji peke yao, maana mwamba haukauki na kina mama hawafiki.

Msimu: fungeni wakati wa kusi (upepo wa kusini), mwishoni mwa Juni, baada ya bamvua kupita, na fungueni mwishoni mwa Septemba. Bahari ya kusi ni chafu, watu hupoteza siku nyingi za uvuvi hata bila kufunga, kwa hiyo kinachoachwa ni kidogo. Na bamvua za karibu na Septemba 22, kama za karibu na Machi 21, ndizo kubwa kuliko zote za mwaka. Mwamba hukauka mpaka sehemu ambazo miezi mingine huwa chini ya maji.

Mwamba upi? Usiwe ule wa karibu na kijiji. Najua wengi huuchagua kwa kuwa unaonekana kutoka barazani na ulinzi ni rahisi, lakini mnakuwa mmewafungia kina mama peke yao huku wazamiaji wakiendelea kwingine kama kawaida. Usiwe pia wa dago, maana hamtaweza kuulinda. Chukueni mmoja wa ile ya mtumbwi, wenye mipaka inayoeleweka (mkondo, ukingo wa mchanga, mwanzo wa nyasi bahari), na eneo lisizidi sehemu moja ya tano ya maeneo yote mnayovua pweza. Kipande mlichofunga kiwe na sehemu ya juu inayokauka na ukingo wa kina. Pweza wadogo huanzia juu, wakikua wengi huteremka. Mkifunga juu tu, mtakuwa mnawalea pweza wa kuvuliwa na wazamiaji nje ya mpaka.

Kuhusu maboya, yatakula muda wenu mwingi yasipofungwa sawasawa. Dumu la lita 20 linatosha kwa boya. Usifunge kamba kwenye mkono wa dumu, utakatika ndani ya wiki chache. Lisukie dumu zima kipande cha wavu, kisha kamba ishike wavu. Nanga ni tairi chakavu lililojazwa zege na pete ya nondo katikati. Kumbuka zege likiwa majini hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake, hivyo kilo 60 za ufukweni ni kama kilo 35 chini ya maji. Kwenye mkondo mkali weka mbili. Urefu wa kamba uwe mara moja na nusu ya kina cha maji yaliyojaa wakati wa bamvua, si ya maji ya siku mliyokwenda kupima, kwani kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mita ya kwanza kutoka kwenye nanga ipitishwe ndani ya bomba la plastiki la kumwagilia, vinginevyo matumbawe yataikata. Nanga ishushwe kwenye mchanga, isitupwe juu ya matumbawe hai.

Hata hivyo boya huibwa. Mpaka wa kweli uandikwe kwa alama za nchi kavu, mbili mbili zinazopangana, na kwa GPS ya simu. Vyote viwili viingie kwenye muhtasari wa kijiji.

---

Sheria_Ndogo

Naongezea upande wa sheria, na nazungumzia Bara tu. Zanzibar wana sheria yao ya uvuvi na kamati zao za shehia, utaratibu ni mwingine.

BMU inatambuliwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Kanuni hizo ndizo zinazokataza pweza wa chini ya gramu 500, na hilo mnaweza kulisimamia leo hii bila kusubiri chochote. Lakini kufunga mwamba fulani kwa tarehe fulani hakumo kwenye kanuni. Hicho ni kitu cha kijiji, na kinahitaji sheria ndogo.

Njia yake: BMU inaandaa pendekezo, halmashauri ya kijiji inalijadili na kulipeleka mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wanatoa maoni na kukubali au kukataa. Kisha rasimu inapita kamati ya maendeleo ya kata na kwenda halmashauri ya wilaya, ambayo ndiyo inayoidhinisha kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Rasimu nyingi hukwama wilayani, na sababu zake hujirudia: muhtasari wa mkutano mkuu hauna orodha ya waliohudhuria na saini zao, mpaka umeelezwa kwa jina la mwamba tu, au faini imeachwa kwa "kiwango kitakachoamuliwa na kamati". Faini iandikwe kwa tarakimu. Mwanasheria wa halmashauri ataiona rasimu mapema mkimpelekea kupitia afisa uvuvi, na hapo mtaokoa miezi.

Msiandike tarehe ndani ya sheria ndogo. Andikeni kwamba mkutano mkuu utatangaza mwamba na kipindi cha kufunga angalau siku 30 kabla, kwa tangazo litakalobandikwa dikoni (wanaposhushia samaki), ofisi ya kijiji na vijiji jirani. Mkiandika "Juni hadi Septemba", mwaka mkitaka kubadilisha itabidi mrudi wilayani upya.

Sasa kukamata. Doria haina mamlaka ya kufunga mtu, kumpiga wala kugawana pweza wake. Ikimkuta mtu inaandika jina, chombo, saa, mahali kwa GPS, zana na kilo, kwa mashahidi wasiopungua wawili, kisha anapelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Faini inalipwa huko kwa stakabadhi ya serikali. Akikataa kulipa, shauri linakwenda kwa afisa uvuvi na polisi. Faini ikilipwa ufukweni mkononi mwa mtu bila stakabadhi hata mara moja tu, habari zake zitafika kijiji kizima kabla ya maji kujaa, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayeheshimu boya.

Wageni wa dago wapelekewe barua yenye muhuri wa kijiji, wasaini kwamba wameipokea. Wakishasaini, hawatakuwa na nafasi ya kusema hawakujua.

---

Bi_Mchokoo

Ndugu Katibu, umeuliza kuhusu siku ya kufungua na bado hujajibiwa. Nakuomba hili ulisome polepole kwa sababu ndipo haki ya watu inapopotea.

Mkifungua bila utaratibu, mambo huenda hivi. Wazamiaji wanafika alfajiri maji yakiwa bado juu, wanazunguka ukingo na kuchukua wakubwa wote. Maji yanapopwa, kina mama wanapanda mwambani na kukuta mapango matupu. Wao ndio waliokaa miezi mitatu bila kitoweo cha pale, na wao ndio wanaorudi na kikapu chepesi. Mwaka unaofuata mkiitisha mkutano, wanawake watanyamaza tu, na kunyamaza huko msikuhesabu kuwa ni kukubali.

Bamvua kwetu maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Basi siku ya kwanza iwe ya asubuhi, na ya wachokoaji wa miguu (wanaomtoa pweza pangoni kwa mti) peke yao kwenye sehemu inayokauka. Watu wakusanyike ufukweni saa moja, wavushwe kwa mitumbwi, bendera ipandishwe saa mbili wakati mwamba unaanza kutokeza, na ishushwe saa sita kamili. Wazamiaji siku hiyo wabaki nje ya ukingo, upande wa kina, na waanze bendera ikipanda, wala si kabla. Siku ya pili na ya tatu wote pamoja. Usiku pasivuliwe kabisa kwa siku zote za ufunguzi, maana wenye taa za nguvu watawamalizia wengine pweza.

Siku isiwe Ijumaa, watu watakatisha kwenda msikitini maji yakiwa ndiyo yamepwa. Isiwe ndani ya Ramadhani, kwa sababu kazi ya kuchokoa juani bila maji ni ngumu na wengi hawatakwenda.

Zana: mti mkavu wenye ncha, usiozidi unene wa kidole gumba. Nondo hapana. Mwenye nondo akimkosa pweza huvunja mdomo wa pango, na pango lililovunjwa mdomo pweza mwingine halirudii. Mwenye mti hulazimika kumchokoza pweza mpaka atoke, na pango hubaki. Msiruhusu kugeuza mawe. Na kila mtu avae viatu, wala si kwa ajili ya miguu yake tu: asiye na viatu hutafuta pa kukanyaga penye nafuu, na mara nyingi hapo ni juu ya matumbawe laini yaliyo hai.

Jike anayeatamia aachwe. Dalili zake ni mdomo wa pango uliozibwa kwa vijiwe kwa ndani, pweza asiyekimbilia mti wala kuushika, na ukichungulia unaona vishada vyeupe kama punje za mchele vikining'inia darini. Huyo hata ukimtoa ni mwepesi na nyama yake imelegea, mnunuzi anamkataa.

---

MizaniNaDaftari

Nakubaliana na Bi_Mchokoo kwa yote. Mimi naleta hesabu, kwa sababu bila hesabu kila mtu atakuwa na kauli yake: mmoja atasema mwamba umezaa, mwingine atasema kamati imekula.

Kule Madagaska matokeo ya kufunga mara 36 ndani ya miaka 8 yalipopigiwa hesabu, kilo zote zilizovuliwa katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua zilipanda kwa zaidi ya asilimia 700. Lakini kilo kwa mtu kwa siku zilipanda kwa karibu asilimia 90 tu. Angalieni pengo hilo. Kilo kwa mtu hazikufika hata mara mbili, ila watu waliofika mwambani walikuwa wengi mno kuliko kawaida. Kwa hiyo asiyehesabu watu atadanganyika na wingi wa kilo.

Anzeni kuandika bamvua mbili kabla ya kufunga, kwenye mwamba mtakaofunga na kwenye mwingine mmoja mtakaouacha wazi, ili baadaye mjue kama ongezeko limetokana na kufunga au ni mwaka mzuri kila mahali. Kila siku andikeni mwamba, siku ya mwezi wa kuandama, idadi ya wachokoaji na ya wazamiaji mbalimbali, saa walizotumia, idadi ya pweza na kilo. Kisha pimeni pweza 30 mmoja mmoja, bila kuwachagua, wanaofuatana kama walivyotoka kwenye vikapu. Dume mtamjua kwa mkono wa tatu wa kulia: una mfereji na ncha yake haina vinyonyeo.

Mizani ina mitego yake. Pweza apimwe kabla hajapigwa na kabla hajatiwa kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi, maana akilowekwa humo hunywa maji na kuongeza uzito. Wanunuzi wanalijua hilo na hupunguza bei ya kijiji kizima kwa sababu ya wachache. Amueni pia kama mnapima na matumbo au bila matumbo, na msibadilishe. Kikapu kipimwe kitupu kila asubuhi, kikilowa kinaongezeka.

Sasa bei. Pweza huanguka bei siku ya kufungua kwa sababu mnunuzi ni mmoja, barafu ni ya kwake, na anajua kwamba mpaka jioni mtakuwa hamna pa kuwaweka. Hakikisheni wako wawili, waitwe wiki tatu kabla, na bei iandikwe kwa madaraja: gramu 500 hadi kilo moja, kilo moja hadi mbili, na zaidi ya mbili. Kama pweza wa kilo 2 ananunuliwa bei ileile kwa kilo na wa gramu 500, hakuna sababu ya mtu kusubiri. Barafu: kilo moja kwa kilo moja ya pweza, ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea maji. Wasikae ndani ya barafu iliyoyeyuka.

Na hapa natofautiana kidogo na MwambaHai. Majike wengi hupevuka wakiwa wamepita kilo 2. Gramu 500 za kanuni zinamlinda pweza mchanga asiuzwe, hazimlindi mama. Mkifunga miezi mitatu na kufungua kila kona ya mwamba, mtapata kilo nyingi mwaka huu, lakini mayai hamjaongeza sana. Ningeshauri kipande kidogo cha ukingo wa kina kibaki kimefungwa moja kwa moja.

---

MwambaHai

Hoja ya MizaniNaDaftari ni ya kweli, na kipande cha kudumu ndicho kinachotakiwa mwishoni. Ila nisingekiweka mwaka wa kwanza. Kijiji ambacho hakijaona faida ya kufunga na kufungua kikiambiwa kuna sehemu haitafunguliwa kamwe, kinaona ni mlango wa kunyang'anywa bahari. Fungueni mara mbili kwanza, daftari lisomwe mbele ya mkutano mkuu, kisha wananchi wenyewe waamue.

Jingine ni kwamba pweza wakianguliwa hupelekwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Watoto wa mwamba wenu watatua kwa jirani, wa jirani watatua kwenu. Kaeni na vijiji vya pande zote mbili. Pia msifungue siku moja nao, mtagombania mnunuzi mmoja. Mmoja afungue bamvua hii, mwingine inayofuata.

---

Katibu_wa_Diko

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Yamebaki mambo mawili. Doria tutaigharamiaje kwa miezi mitatu na mashine ya hp 15? Na kina mama wamependekeza walime mwani kipindi cha kufunga ili wasikae bure. Inafaa?

---

Sheria_Ndogo

Doria ya kila siku haina sababu. Mwizi wa miguu anafika mwambani wakati wa bamvua tu, yaani kati ya tarehe 1 na 4 na kati ya 14 na 18 za mwezi wa kiislamu, na maji yanapopwa saa nne za asubuhi na za usiku. Miezi mitatu ina bamvua sita. Mkilinda siku sita kila moja, ni siku 36. Mashine ya hp 15 ikisukumwa kwa nguvu zote hula lita 5 hadi 6 kwa saa, hivyo safari ya saa moja kwa siku hizo ni lita 180 hadi 216. Hata hizo zipunguzeni: asubuhi watu wawili wa kulinda kwa mtumbwi wa makasia wanatosha, mashine ibaki kwa usiku na kwa dharura. Ongezeni siku chache za kushtukiza wakati wa maji mafu kwa ajili ya wazamiaji, bila ratiba inayojulikana.

Zamu zipangwe kwa mitaa, wala si kwa vijana wa kamati peke yao, na kila zamu iwe na mzamiaji mmoja na mchokoaji mmoja. Wanaoathirika na wizi wasipokuwa kwenye doria, doria huchoka.

Fedha zitoke kwenye ufunguzi wenyewe: kiwango fulani kwa kila kilo itakayopimwa, kilichokubaliwa mkutanoni na kukatwa kwenye mizani mbele ya muuzaji. Mwaka wa kwanza itabidi mkope kwenye hisa za vikundi na kurudisha siku hiyo. Kiasi kilichokusanywa kibandikwe ukutani dikoni jioni ileile, kwa kilo na kwa shilingi.

---

Bi_Mchokoo

Mwani unafaa, ila hautalipa ndani ya miezi hiyo mkianza siku ya kufunga. Spinosamu, aina moja ya mwani, huvunwa baada ya wiki sita hivi, na mavuno ya kwanza karibu yote hurudi kuwa mbegu. Maana yake waanze wiki sita kabla. Kilo 7 hadi 10 za mbichi hutoa kilo moja kavu, kwa hiyo msiwaahidi fedha nyingi.

Wasilime juu ya nyasi bahari, vigingi na kukanyaga huziua, na ndimo kaa wanaoliwa na pweza hukaa. Walime kwenye mchanga ambako maji hayakauki kabisa wakati wa bamvua. Mwani ukipigwa na jua kwenye maji ya moto ya kina kifupi huwa mweupe kwenye vifundo na kukatika. Ukiona hivyo vuna chote mara moja, usisubiri ukomae. Kotonii, aina nyingine, bei yake ni nzuri zaidi lakini haistahimili joto kama spinosamu, nisingeanza nayo.

Kwa anayeanza na kamba kumi, mbegu za ukubwa wa kiganja zifungwe kila baada ya sentimita 20 hadi 25. Taitai (vikamba vya kufungia mbegu) ziwe legevu kidogo, zikibana sana shina hukatika mwani ukinenepa.

---

Katibu_wa_Diko

Nimeelewa. Swali la mwisho: mkutano mkuu umeahirishwa, utakaa katikati ya Julai. Tufunge siku hiyohiyo ya mkutano tusipoteze muda, hata kabla ya sheria ndogo kupita wilayani?

---

MwambaHai

Msifunge siku ya mkutano. Angalieni mwezi: subirini bamvua inayofuata ipite, watu wavue mara ya mwisho wakijua ni ya mwisho, kisha mfunge siku ya kwanza ya maji mafu. Hesabuni miezi mitatu ya kuandama kutoka bamvua hiyo, mtaangukia Oktoba, na kusi itakuwa imeshalainika.

Bila sheria ndogo mnaweza kufunga kwa makubaliano ya mkutano mkuu, lakini yatawabana wanakijiji tu, na kwa hiari yao. Hamwezi kumtoza mgeni faini. Kwa mwaka huu wa kwanza basi, chagueni ule wa mtumbwi ulio mbali zaidi na dago, wapeni wageni barua aliyoitaja Sheria_Ndogo, na afisa uvuvi awe ndani ya boti mtakapoipeleka.